KUTOKA MEZA YA KARANI: Anayepakiwa Ndiye Anayeganda



Kipupwe kimeingia. Huku kwetu nyanda za juu za kusini, tangu Njombe mpaka Makete, ukifungua mlango alfajiri katika mwezi wa Juni au Julai waweza kukuta majani meupe kwa jalidi, yaani umande ulioganda, na maji ya ndoo iliyosahauliwa nje yamefanya ngozi ya barafu. Wasomaji wa pwani wasicheke. Kwa kila mita 1,000 unazopanda mlimani, hewa hupungua joto kadiri ya digrii 6 na nusu. Uwanda wa Kitulo uko juu kadiri ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Mwenye kujua hesabu na apige mwenyewe.

Juma lililopita alikuja ofisini baba mmoja kumwandikisha mwanawe kwa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Walikuja kwa baisikeli kutoka kigango cha mbali. Baba alikuwa amevaa koti zito, na jasho linamtoka usoni. Mtoto alikuwa na shati, kaptula na kandambili, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilipomwuliza jina lake la ubatizo, hakuweza kulitamka kwa jinsi meno yalivyogongana.

Nikamwambia baba, "Mzee, mtoto anasikia baridi." Akajibu kwa upole, "Aa, karani, leo hakuna baridi. Mimi mwenyewe natoka jasho."

Jibu lile nalijua sana, maana nami nililisema zamani. Kwa muda mrefu nimeona haya kusimulia habari yake, lakini leo nitasimulia, ili mwenzangu asifike pale nilipofika.

SAFARI YANGU NA MPWA WANGU

Ilikuwa Julai 2016, mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya ukarani. Dada yangu aliniomba nimpeleke mwanawe wa miaka saba kwa bibi yake, ng'ambo ya mlima, safari ya kilomita 14. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua. Mimi nilivaa shati, sweta na koti. Mtoto alivaa sare yake ya shule: shati, sweta jembamba, kaptula, na viatu vya raba pasipo soksi. Nikamweka juu ya keria, nikamwambia anishike kiunoni.

Njia ile hupanda kwanza. Nilikanyaga pedeli kwa nguvu, na baada ya nusu saa nilikuwa nimelowa jasho. Nikafungua koti. Nikauliza, "Mpwa wangu, hujambo huko nyuma?" Akajibu, "Sijambo, mjomba." Kwa kuwa mimi nilikuwa na joto, nilidhani na yeye analo. Tukavuka kijito, na maji yakamrukia miguuni, maana baisikeli yangu haikuwa na madigadi ya nyuma. Hatukusimama.

Juu kabisa tulikuta ukungu na upepo, kisha njia ikaanza kuteremka, kilomita tano mfululizo. Hapo jasho langu likageuka kuwa maji ya baridi mgongoni. Kabla sijafika nusu ya mteremko, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Niliviona kwa macho vimelala juu ya breki, nikaviamuru vikaze, vikakataa kana kwamba si vyangu. Kwenye kona moja sikuwa na njia nyingine ila kuiacha baisikeli iingie majanini. Tukaanguka. Kwa bahati hakuna aliyevunjika mfupa.

Lakini mtoto hakulia. Kila mzazi ajua, mtoto akianguka akalia, unashukuru. Asipolia, ndipo unaogopa. Alikaa palepale alipoangukia, mikono ameikunja kifuani, macho mazito, wala hatetemeki. Nilipomwita alijibu maneno yasiyoeleweka, kama mlevi.

Karibu na pale palikuwa na nyumba ya bibi kizee mmoja. Nikambeba mtoto mpaka mlangoni. Bibi yule alimtazama mara moja tu, akamvua nguo zote zilizolowa, akajifunika naye blanketi kavu, kifua kwa kifua, kama mama na mtoto mchanga. Nikataka kumsogeza karibu na moto, akanizuia: "Usimchome, mwanangu, si muhindi." Baada ya muda mtoto akaanza kutetemeka tena. Mimi nikashtuka, lakini bibi akatabasamu. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe, akapewa uji wa moto wenye sukari. Karibu saa nzima ilipita kabla hajasema neno la maana.

Bibi akanigeukia, akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa unalima, na huyu alikuwa ameketi kando ya shamba. Watu wawili hao huvaa sawasawa?"

Na mtoto, alipopata ulimi wake, aliniambia, "Mjomba, nilikuita. Nilikuita mara nyingi. Hukusikia."

Kweli sikusikia. Upepo ulikuwa umeyajaza masikio yangu. Wasomaji wapenzi, maneno hayo nayasikia mpaka leo kila nikishika usukani asubuhi ya kipupwe.

BARIDI YA BAISIKELI INATOKA WAPI?

Mtu akiketi kimya penye baridi, mwili wake hupasha moto hewa kidogo iliyo karibu na ngozi, na hewa hiyo humfunika kama shuka nyembamba. Upepo ukija, shuka hiyo huondolewa, na mwili huanza kazi upya. Sasa, mwendesha baisikeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Hata siku ya utulivu, akiteremka kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ni sawa na kusimama penye upepo wa kilomita 30 kwa saa.

Wataalamu wawili wa Marekani, Paul Siple na Charles Passel, waliyachunguza mambo haya katika bara la barafu la kusini kabisa mwa dunia. Walitundika chombo kidogo chenye maji penye upepo, wakapima muda wa maji kuganda, na mwaka 1945 wakatangaza matokeo yao. Mwaka 2001 Kanada na Marekani zilitengeneza hesabu hiyo upya. Kwa hesabu hiyo mpya, hewa ikiwa na digrii 5, nawe unakwenda kilomita 30 kwa saa, uso wako hupoteza joto kana kwamba hewa ina digrii 0. Hewa ikiwa na digrii 0, nawe unakwenda kilomita 20 tu kwa saa, ni kana kwamba ni digrii 5 chini ya sifuri.

Ongeza maji. Nguo iliyolowa, iwe kwa jasho, kwa mvua au kwa kijito, hunyang'anya mwili joto upesi kuliko nguo kavu. Basi adui wa mwendesha baisikeli ni wawili, upepo na maji, na wote wawili hukutana kwenye mteremko. Unapopanda, miguu yako ni jiko linalowaka. Unapoteremka, jiko limezimwa, nguo zimelowa, na upepo ni mkali. Lakini yule aliye juu ya keria jiko lake halikuwashwa hata mara moja, tangu mlangoni mpaka mwisho wa safari.

HATA MABINGWA WALIGANDA

Labda mtu atasema, haya ni mambo ya mtoto, na ya karani asiyejua baisikeli. Basi sikilizeni habari ya mabingwa.

Katika nchi ya Italia kuna mashindano makubwa ya baisikeli ya kuizunguka nchi, yaitwayo Giro d'Italia. Tarehe 5 Juni 1988 waendeshaji walipaswa kuvuka mlima kwa njia ya Gavia, yenye urefu wa zaidi ya mita 2,600, yaani karibu sawa na Kitulo chetu. Bondeni ilinyesha mvua. Mlimani ilianguka theluji, na njia ikawa matope.

Mholanzi mmoja, Johan van der Velde, alikuwa na nguvu kuliko wote siku hiyo. Alifika kileleni wa kwanza, naye amevaa shati la mikono mifupi. Wakati wa kupanda hakuona shida, maana jiko lilikuwa linawaka. Lakini kutoka pale mpaka mji wa Bormio ni mteremko wa karibu kilomita 25. Baridi ilimshinda njiani, ikambidi asimame na kutafuta pa kujisetiri. Alifika mwisho wa safari akiwa amechelewa zaidi ya dakika 45.

Mwenzake Andy Hampsten, Mmarekani, hakuwa wa kwanza kileleni. Lakini wakubwa wa timu yake walikuwa wameona hali ya hewa mapema, wakanunua nguo za joto dukani kabla ya safari, wakawaweka watu wa kuwapa waendeshaji mavazi na chai ya moto mlimani. Hampsten aliteremka akiwa na glavu mikononi na kofia ya sufu kichwani. Hata hivyo aliteseka sana. Siku hiyo Mholanzi mwingine, Erik Breukink, ndiye aliyefika wa kwanza Bormio, na Hampsten akawa wa pili nyuma yake kwa sekunde chache tu, akavishwa shati la waridi la kiongozi. Siku chache baadaye akayashinda mashindano yote, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo.

Mnaona? Mwenye nguvu zaidi alishindwa, na aliyevaa vizuri akashinda. Basi tusivae kwa ajili ya mlima wa kupanda. Tuvae kwa ajili ya mteremko.

TUVAE NINI?

Sitawaambia mwende mjini kununua mavazi ya bei kubwa. Nguo nyingi zinazofaa zimo katika marundo ya mitumba gulioni kwetu, ila hapana budi kujua kuchagua.

Kifuani. Vaeni nguo tatu nyembamba kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa iliyokaa kati ya nguo na nguo ndiyo blanketi lenyewe.

Ya ndani iwe nguo isiyokunywa maji. Fulana ya pamba ni nzuri siku ya jua, lakini hunywa jasho na kulishika kama sponji. Jezi ya mpira, ile nyepesi inayokauka upesi, inafaa zaidi.

Ya katikati iwe sweta, na lililo bora ni la sufu ya kondoo, kwa sababu sufu hata ikilowa bado hutunza joto. Gulioni utaambiwa kila sweta ni sufu. Ukitaka kujua kweli, chomoa uzi mmoja upindoni, uuchome moto. Uzi wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha chembe ngumu kama ushanga. Usifanye hivyo kabla ya kulipa, mwenye mali atakufukuza!

Ya juu iwe nguo ya kuzuia upepo: koti la mvua, jaketi la nailoni, hata kama ni jembamba. Liwe na zipu au vifungo mbele, ili ufungue unapopanda na kufunga unapoteremka. Sweta zuri pasipo nguo ya kuzuia upepo ni kama nyumba ya fito isiyokandikwa.

Asiye na jaketi atumie karatasi. Msidhani nafanya mzaha. Katika mashindano ya Ulaya ilikuwa desturi ya waendeshaji, wakifika kilele cha mlima, kupokea magazeti kutoka kwa watazamaji na kuyaingiza kifuani, kati ya shati na ngozi, kabla ya kuteremka. Kurasa nne au tano zilizokunjwa zatosha. Mhariri atanisamehe, lakini gazeti hili, likisha kusomwa na nyumba nzima, lina kazi ya pili.

Mikono. Hii ndiyo inayoshika breki, kwa hiyo ikifa ganzi, uhai wenu umo hatarini. Glavu zilizo bora ni zile zenye kidole gumba peke yake na vidole vinne pamoja, kwa maana vidole vikilala pamoja hupashana moto. Mama mwenye kujua kufuma aweza kuzimaliza kwa siku chache. Asiye na glavu avae soksi nene mikononi, na juu yake kipande cha nailoni cha kuzuia upepo, lakini kwanza ajaribu kama vidole vyaweza kukaza breki sawasawa. Yafaa pia kushona mifuko miwili ya turubai au ya ngozi, kuifunga penye mishikio ya usukani, na kuiingiza mikono humo ndani. Madereva wengi wa pikipiki wanafanya hivyo.

Miguu. Kandambili ziacheni nyumbani. Vaeni viatu vilivyozibwa, na soksi kavu. Watu wengine huvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana, nao huona baridi zaidi, kwa sababu kiatu kinachobana huzuia damu. Kama kiatu hakina nafasi, soksi moja ni bora kuliko mbili. Magoti nayo yafunikwe. Suruali ifungwe kifundoni kwa kamba, isije ikaliwa na mnyororo.

Kichwa. Kofia ya sufu inayofunika masikio yatosha. Skafu ni nzuri, lakini ncha zake ziingizwe ndani ya koti. Kina mama nao wachunge sana kanga na vitenge: nguo inayoning'inia ikiingia katika gurudumu, baisikeli husimama ghafula, na aliyepanda haketi tena juu yake.

Neno moja la kushangaza: mkiondoka nyumbani, yafaa msikie baridi kidogo. Anayeanza safari akiwa na joto tele atalowa jasho kabla ya kilomita ya pili. Na kabla ya kuondoka, kula. Uji au viazi vya moto ni kuni za lile jiko la miguu. Pombe siyo. Anayekunywa pombe ili apate joto hudanganyika: damu humkimbilia kwenye ngozi, naye huona moto, kumbe joto la ndani linatoka nje.

MTOTO JUU YA KERIA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza, mtoto anayepakiwa avae zaidi kuliko anayekanyaga, si sawa naye, wala si pungufu. Kama nyumbani kuna koti moja tu, ni la mtoto. Mvike kinyume, vifungo vikae mgongoni na kifua chake kizibwe kabisa, nawe utaona mikono mirefu ya koti inageuka kuwa glavu. Blanketi linafaa pia, lakini lifungwe vizuri lisifikie spoku.

Pili, miguu yake iangaliwe. Mguu uliokufa ganzi hujiachia bila mwenyewe kujua, na spoku hazina huruma. Kifungwe kibao au chuma cha kukanyagia, na pembeni mwa gurudumu kuwe na kizuizi. Madigadi ya nyuma ni ya lazima.

Tatu, kwenye mlima mkali mteremshe, atembee. Utapungukiwa na mzigo, naye atawasha jiko lake mwenyewe. Akifika kileleni na joto, atateremka salama zaidi. Kabla ya kuanza mteremko simameni: funga vifungo vyako, funga vyake, aruke-ruke kidogo, kisha mpande.

Nne, usimwulize "Hujambo?" ukiwa mbioni. Mtoto mwenye adabu atajibu "Sijambo" hata kama anaganda. Simama, geuka, mtazame uso. Mwambie akuhesabie moja mpaka kumi, au ashike vidole vyako kwa nguvu. Ulimi mzito na vidole visivyoshika husema kweli.

Mama anayembeba mtoto mchanga amfunge mwilini mwake, koti likipita juu ya wote wawili. Kichwa kifunikwe, pua iachwe wazi.

Katika mji wa Oulu, kaskazini mwa nchi ya Ufini, watoto huenda shuleni kwa baisikeli hata theluji imefunika njia. Mji ule ndio uliokaribisha mwaka 2013 mkutano wa kwanza wa mataifa juu ya uendeshaji wa baisikeli wakati wa baridi. Watoto wale hawakuumbwa na ngozi nyingine. Wamevikwa tangu kichwani mpaka miguuni, njia zao husafishwa theluji, nao wanakanyaga pedeli wenyewe.

DALILI ZA HATARI

Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la kadiri ya digrii 37. Ukishuka chini ya digrii 35, ni ugonjwa wa hatari. Kwanza mtu hutetemeka sana. Kisha vidole havifanyi kazi, maneno huvurugika, hujikwaa, huwa mzito wa kufikiri. Mwisho huacha kutetemeka, hutulia, hutaka kulala. Wengi husema, "Afadhali, sasa amepoa." Hapana! Kuacha kutetemeka bila kupata joto ni ishara ya hatari kubwa.

Fanyeni kama yule bibi. Mwondoe mtu penye upepo. Vua nguo zilizolowa. Mfunike kwa vitu vikavu, pamoja na kichwa. Mpashe joto kifuani kwa mwili wa mtu mwingine, au kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo. Mpe kinywaji cha moto chenye sukari, lakini kama tu ana fahamu na aweza kumeza. Usimsugue mikono wala miguu, usimpe pombe, wala usimweke karibu na moto, maana ngozi iliyokufa ganzi haisikii ikiungua. Mshikeni polepole. Na yule aliyevurugikiwa maneno au anayelala apelekwe zahanati mara moja, hata kama aonekana amepata nafuu.

NA BAISIKELI YENYEWE

Nguo njema haziiponyi baisikeli mbovu. Asubuhi ya jalidi jaribuni breki kabla ya kuondoka, na tena kabla ya kila mteremko. Ringi ikiwa na maji, breki hukawia kushika, kwa hiyo anza kuikaza mapema, polepole, ili raba zifute maji kwanza. Kwenye daraja la miti lenye jalidi shukeni, msukume kwa mikono. Ukungu ukiwa mzito, taa iwake mbele, na nyuma kuwe na kioo chekundu cha kumeremeta.

Tena teremkeni taratibu. Anayepunguza mwendo hupunguza upepo, na mikono yake hubaki hai ya kushika breki. Ukiona vidole vinaanza kuwa vizito, usingoje kufika chini. Simama palepale, vitie kwapani mpaka vipate uhai. Dakika tano hazimkosi mtu safari.

Basi, yule baba wa juma lililopita, nilifanya naye nini? Sikumgombeza, maana nilikuwa namwona karani wa mwaka 2016. Nilichemsha chai, tukakaa na mtoto mpaka akaweza kutaja jina lake na kigango chake bila meno kugongana. Nikamsimulia baba habari ya mpwa wangu. Alisikiliza kimya. Walipotaka kuondoka, alivua koti lake mwenyewe, akamvika mwanawe kinyume, akalifunga mgongoni. Mimi nikatoa kabatini matoleo matatu ya zamani ya gazeti hili, naye akayapanga kifuani chini ya sweta.

Nikasimama mlangoni nikiwatazama. Juu ya kilima, pale njia inapoanza kuteremka kuelekea kwao, baba aliisimamisha baisikeli. Akageuka nyuma. Nilikuwa mbali, sikuweza kusikia alichomwuliza mtoto, lakini niliona mkono mdogo, uliofunikwa na mkono mrefu wa koti, unainuliwa juu kumjibu. Ndipo wakateremka, polepole.

Akina baba, akina mjomba, akina kaka: kipupwe hiki fanyeni vivyo hivyo. Simameni juu ya kilima, mgeuke nyuma.

Ni mimi,
Karani wenu.